Nia ya Safari ya Theluji

Kila asubuhi Mansour hunywa chai akiwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mguu mmoja ndani na mwingine nje, huku mkewe Zuhura akimfungia chapati mbili za kwenda nazo kazini. Hunywa haraka, humwaga masalia kwenye shina la mlimau, kisha huwasha bakkie yake, pikapu ya kubebea mizigo, na kuteremka mjini kuuza makoti ya mitumba. Ijumaa moja mwanzoni mwa Juni alikuwa hajafika nusu ya kikombe alipoona kwamba chai imepoa. Akachungulia ndani ya kikombe. Theluji ilikuwa ikiingia.

Ilikuwa ikimwangukia na yeye, kichwani na mabegani, taratibu, ikianzia hewani karibu na fremu ya mlango. Uani jua lilikuwa limeshatoka. Nyasi za mtaa wao wa Observatory zilikuwa kavu na za njano, kama zinavyokuwa kila majira ya baridi Johannesburg, mvua inapopotea kwa miezi.

"Nipe kikombe kingine," alisema.

Zuhura alikuwa ameshaanza kukifuta, maana naye alikuwa na theluji yake. Ilitua kwenye mtandio wake, ikatua mikononi, na nyingine ikaanguka kwenye kikaango na kuchemka. Akapunguza moto. Salum, mtoto wao wa miaka kumi na sita, akatoka chumbani akiburuta blanketi.

"Eish, Mama. Kitanda changu chote maji."

"Lianike nje."

"Si litaloa tena nikijifunika?"

"Basi usijifunike."

Dada yake Nusaiba alikuwa bafuni akipiga mswaki. Theluji yake ilikuwa laini kuliko ya wote, na aliitazama kwenye kioo kwa muda kabla ya kutoka. Kila mmoja alikuwa na kipande chake cha theluji, upana wa ungo, kilichomfuata kokote aendako na kumwagika hata chini ya dari. Nusaiba aliona aibu kidogo, kwa kuwa safari ya theluji lilikuwa wazo lake.

Nusaiba alikuwa mwaka wa tatu chuoni Braamfontein, msichana mpole, mwenye kuzoea kupanga sentensi kichwani na kuziacha humo humo. Kwa miaka kadhaa sasa baba yao hakuwa amekaa nyumbani siku nne mfululizo. Kila Alhamisi na kila Jumapili alilala Diepsloot, kitongoji cha nje ya mji. Alisema kule kuna ghala, na marobota ya makoti hushushwa usiku, na asiyekuwepo hupata yaliyochanika. Kwa hiyo hawakuwahi kwenda popote wote pamoja. Harusi walihudhuria nusu nusu. Idi moja walikula pilau bila yeye na wakamwachia kwenye bakuli lenye kifuniko.

Halafu Nusaiba akaona picha za mlima mmoja wa jimbo la Eastern Cape ambako watu huteleza kwenye theluji wakiwa wamefunga mbao ndefu miguuni. Picha zilimpendeza, lakini kilichomvutia zaidi ni kwamba mahali hapo palikuwa juu sana, na mwenye kufika huko alikaa siku nne akipenda asipende. Akapiga simu. Akashikiwa chumba chenye vitanda vya ghorofa. Akamwambia mama yake, mama akasema, "Mwambie baba yako." Akamwambia baba yake, naye akakuna shingo, akauliza kama kule watu wanahitaji makoti, na mwisho akasema, "Haya, familia nzima twende." Nusaiba alijifungia chumbani akacheka peke yake kwa furaha.

Kwao Tanga, safari huombewa. Mama yake Mansour, ambaye picha yake ilitundikwa sebuleni, ndiye aliyewafundisha. Chetezo huwashwa, ubani ukafukizwa, kisha mkubwa wa nyumba husoma Fatiha na kutia nia kwa sauti, akimtaja kila msafiri kwa jina lake. Asiyetajwa hubaki nyumbani. Bibi huyo hakuwa na mchezo na jambo hili. Aliwahi kumshusha shemeji yake kwenye basi lililokuwa limeshawashwa, kwa kuwa jina lake lilisahauliwa.

Alhamisi, usiku wa kuamkia Ijumaa ile, baada ya Isha, Mansour alikaa mbele ya chetezo huku simu ikimtetemekea kwenye mfuko wa kanzu. Alikuwa anachelewa Diepsloot. Alisoma Fatiha mbio mbio, akainua mikono na kusema, "Ewe Mola, tunatia nia ya safari ya theluji, mimi na familia yangu yote. Amina." Kisha akafuta uso, akachukua ufunguo wa gari, akaondoka, na alfajiri akarudi kunywa chai yake kama kawaida. Nusaiba aliona kwamba hakutaja majina. Alikuwa na furaha na hakutaka kuigusa.

Basi asubuhi theluji ikawa imefika, na kila mmoja akaenda nayo kwenye shughuli zake.

Kwenye basi la kwenda Braamfontein dereva alimwomba Nusaiba asimame karibu na mlango, asiloweshe viti. Darasani mhadhiri alimhamishia safu ya nyuma na akaendelea na mada. Msikitini, Mansour alipewa nafasi pembeni mwa safu, na mzee mmoja akamtandikia mfuko wa plastiki. Shuleni kwao Salum waliamua kuwa asicheze golini, kwa sababu mpira ulikuwa ukiteleza.

Sokoni mambo yalikwenda vizuri. Mansour huuza Dunusa, soko la mitumba katikati ya mji ambako nguo humwagwa chini na wateja huinama kuchambua. Wateja walivaa koti, wakasogea wakasimama naye chini ya theluji yake kidogo, wakaona kama linazuia, wakanunua. Mama mmoja alikaa muda mrefu kidogo.

"Hili linapitisha bega la kushoto, baba," alisema.

"Geuka. Jaribu la kulia."

"La kulia sharp, halipitishi."

"Basi tembea umegeukia upande."

Mama yule akacheka na akalichukua.

Jioni Mansour alirudi na vyombo vya kuzolea theluji. Zuhura alikuwa dirishani. Alimwona akitoa koleo moja ya plastiki na ndoo moja, na akaona koleo nyingine na ndoo nyingine zimebaki nyuma ya bakkie, zimefunikwa turubai.

Kwa miaka sita sasa Mansour alikuwa akinunua vitu viwili viwili. Ramadhani ilipokaribia alinunua maboksi mawili ya tende, na moja halikuteremka garini. Alinunua makubadhi ya mtoto na kusema ni zawadi ya mtoto wa rafiki. Alinunua dawa ya kikohozi wakati nyumba nzima hakuna anayekohoa. Zuhura alikuwa ameyaona yote haya kama mtu anavyouona ufa ukutani. Alikuwa amesogeza kabati mbele yake, na kila siku alifuta vumbi kwenye kabati.

"Umenunua koleo moja tu?" alimwuliza.

"Moja inatosha," alisema Mansour, na theluji yake ikawa nzito kidogo, akalazimika kupepesa macho.

Nyumba yao ilikuwa ya kupanga, ya matofali, ya zamani, yenye vyumba vipana na sakafu ya mbao. Theluji haikuwashinda. Walikaa mbali mbali ili isijae mahali pamoja, wakaizoa kwa zamu na kuimwaga kwenye mlimau. Usiku kila mmoja alilala chini ya turubai aliloletewa na Mansour. Lilikuwa jambo la kuchosha, kama kuwa na mtoto mchanga ndani, lakini lilibebeka.

Jumamosi Nusaiba alipiga simu mlimani kuthibitisha safari. Mwanamke wa mapokezi alimwuliza wako wangapi.

"Wanne," alisema Nusaiba, na hapo hapo theluji ikammwagikia kwa wingi hadi ikaziba tundu la simu. Akaifuta kwa upindo wa sketi.

"Samahani, sikusikia," alisema yule mwanamke.

"Wanne," alisema tena, na ikamwagika tena. "Naomba nikupigie baadaye," alisema.

Alikwenda jikoni akamweleza mama yake. Zuhura alikuwa akichambua mchele, akitoa chuya na theluji pamoja.

"Labda mtandao," alisema Zuhura.

"Si mtandao, Mama."

"Najua si mtandao," alisema Zuhura, na akaendelea kuchambua.

Jumapili baada ya Adhuhuri, Mansour akijiandaa kwenda kwenye ghala, kengele ya geti ikalia. Zuhura ndiye aliyekwenda kufungua. Nje alisimama mwanamke wa umri wa miaka thelathini hivi, amejifunga kitenge juu ya koti zuri la baridi, ameshika mkono wa mtoto wa kike. Theluji ilikuwa ikiwaangukia wote wawili. Barabara nzima ilikuwa kavu.

"Jambo yenu, mama," alisema yule mwanamke, kwa Kiswahili cha watu wa Kongo ya mashariki. "Miye ni Masika. Natoka Diepsloot. Samahani kukusumbua siku ya Mungu."

"Karibu."

"Nyumba yetu ni ya mabati, chumba moja tu. Theluji imejaa mpaka kitandani. Ninaitoa na ndoo, ninatupa inje, haiishi. Godoro imeshiba maji. Mutoto hana pa kulala. Batu ba Dunusa bakaniambia huku nako iko inaanguka, ndiyo nikasema nije."

Zuhura alilitambua koti. Alilishonea mwenyewe kifungo kimoja kilichokuwa kimelegea, mwezi wa tano, na Mansour akamwambia limeuzwa. Akamtazama mtoto. Mtoto alikuwa na paji pana na masikio yaliyosimama, kama yule bibi wa kwenye picha ya sebuleni.

"Unaitwa nani?"

"Ummi," alisema mtoto.

Lilikuwa jina la bibi wa kwenye picha.

Zuhura alijisikia kama mtu aliyevua kiatu kilichombana njia nzima. Hakuwa na furaha. Mguu ulikuwa unauma vile vile. Lakini kiatu kilikuwa kimetoka.

"Ingieni," alisema. "Vueni viatu, ingawa sijui kwa nini nawaambia mvue, sakafu yenyewe ndiyo hiyo."

Sebuleni Mansour alikuwa akifunga kamba za viatu. Aliinua kichwa, akaziacha kamba. Ummi alimkimbilia, akampanda mapajani kama mtoto aliyezoea kiti chake, na theluji zao mbili zikachanganyika zikawa moja. Salum alimtazama baba yake, akamtazama mtoto, akatazama picha ukutani.

"Baba, huyu nani?"

"Mgeni," alisema Mansour.

Theluji ikazidi kwa wote sita. Ikafunika meza, ikafunika rimoti, ikaanza kujaa kwenye mikunjo ya mapazia. Hakuna aliyehama. Salum aliangalia jinsi Ummi alivyokuwa akichezea vifungo vya shati la baba yao, kwa uvivu, bila kuvitazama.

"Sharp," alisema mwishowe, na akasogea kwenye kochi ili Masika apate pa kukaa.

Zuhura alileta chai. Masika akashukuru, akafunika kikombe kwa kiganja. Kila mtu alikunywa haraka kabla haijapoa. Nusaiba aliketi karibu na mlango. Sentensi ilikuwa imeshapangika kichwani mwake, fupi, na kwa kawaida angeiacha humo. Lakini aliwaza siku nne za mlimani, na baba yake akiwa amekaa kitandani anakuna shingo, simu ikitetemeka mfukoni. Akasikia sauti yake mwenyewe ikitoka.

"Baba. Alhamisi hukutaja majina."

Mansour alipangusa theluji kwenye nyusi za Ummi. "Mungu anajua kilichomo moyoni, mwanangu."

"Mungu anajua," alisema Zuhura. "Sisi je?"

Nusaiba aliinuka akaleta chetezo. Mkaa ulikataa kushika mara ya kwanza, kwa ajili ya unyevu. Masika akaufunika kwa kitenge chake, Salum akapuliza, ukashika. Ubani ukapanda katikati ya theluji, na harufu ikawa ile ile ya siku zote.

Mansour aliinua mikono. "Ewe Mola," alisema, "mimi na familia yangu y…" Theluji ikamjaa mdomoni. Akakohoa. Ummi akampiga mgongoni kwa kiganja kidogo, kama mama yake anavyomfanyia yeye.

Akaanza upya, polepole.

"Tunatia nia ya safari ya theluji. Mimi, Mansour. Na Zuhura, mke wangu. Na Nusaiba, binti yangu. Na Salum, mwanangu." Ubani ulikuwa unapungua. "Na Masika, mke wangu. Na Ummi, binti yangu."

"Amina," alisema Masika.

Theluji ya Ummi ndiyo iliyokoma kwanza, kisha ya Masika, kisha ya Salum na Nusaiba. Ya Mansour ilipungua taratibu na kuisha kama mtu anayemaliza kutikisa kitambaa. Nyumba ikawa na sauti ya matone tu. Nusaiba alijikuta akipumua hadi chini ya tumbo, na ndipo alipojua kwamba hakuwa amepumua hivyo tangu Ijumaa. Salum akacheka bila sababu. Masika alivua koti, akalikung'uta, akalikunja mapajani. Hata Mansour aliegemea kochi akafumba macho, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshusha robota.

Nusaiba alipiga simu mlimani. "Sita," alisema. Ilisikika vizuri. Yule mwanamke akasema hakuna shida, ataongeza godoro moja kwa ajili ya mtoto, na wasisahau miwani ya jua, kwa kuwa kule theluji inaumiza macho.

Jioni Mansour aliwarudisha Masika na Ummi Diepsloot, kwa njia ile ile ya Jumapili zote. Zuhura aliwafungia wali na samaki, akawapa mablanketi mawili makavu. Nusaiba alisaidia kubeba hadi kwenye bakkie. Aliiona koleo ya pili chini ya turubai, ikiwa na karatasi yake ya bei. Aliwaza chumba kimoja cha mabati na godoro lililoshiba maji. Aliwaza vyumba vyao vipana, na chumba cha nyuma walichohifadhi mifuko mitupu ya marobota. Baba yake alikuwa akitafuta ufunguo. Mama yake alikuwa akimfunga Ummi kilemba cha kuzuia baridi. Hakuna aliyesema neno kuhusu godoro. Geti likafungwa, na taa za gari zikateremka hadi kwenye robot ya kuongozea magari pale chini, zikasubiri, zikakata kona.

Safari hii Mansour hakulala huko. Alirudi mapema kuliko wote walivyotarajia, akaegesha, akaingia kwa mlango wa jikoni. Zuhura alikuwa kwenye sinki akiosha vikombe. Theluji ilikuwa bado ikimwangukia, yeye peke yake, taratibu kama siku ya kwanza. Ilikuwa imemjaa mabegani. Hakuwa ameipangusa.

Mansour alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mwingine nje.

"Kwani yako bado?"

"Bado."

"Lakini nimekutaja. Nilikutaja wa kwanza."

"Nilisikia."

Mansour akaingia ndani kabisa, akafunga mlango. Alichukua kitambaa akaanza kukausha vikombe, jambo ambalo Zuhura hakuwahi kumwona akilifanya. Alikausha kimoja kwa muda mrefu.

"Mimi sitaki kwenda mlimani," alisema Zuhura. "Sikutaka tangu siku ya kwanza. Nilikubali kwa ajili ya Nusaiba. Nendeni nyinyi watano, mimi nikae siku nne kwenye nyumba iliyonyamaza."

Theluji ikapungua kidogo. Macho yao, na sikio la Nusaiba lililokuwa nyuma ya mlango wa sebuleni, vikangoja. Haikukoma.

"Si hilo tu," alisema Mansour.

"Si hilo tu. Nilitaka uniulize. Miaka sita iliyopita, kabla ya kumwoa Masika. Nilikuwa nimekaa hapa hapa jikoni, na niliona unataka kusema kitu. Nikasubiri. Ukanywa chai, ukaenda kazini."

"Nilijua utasema nini."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Basi sikia," alisema Zuhura. Alifunga bomba, akageuka, akamtazama usoni. "Hapana."

Theluji ikakoma. Tone moja likamtelezea kwenye kidole na kuanguka sakafuni. Zuhura alivuta kiti, akakaa, akanyoosha miguu iliyochoka chini ya meza. Kisha akalisema tena, polepole, kama mtu anayeonja chai aliyoitia sukari mwenyewe.

"Hapana, Mansour."